Ukurasa wenu uache kujipakia upya, habari zije zenyewe

Ndugu Mhariri,

Jambo sana na pole kwa kazi. Mimi ni msomaji wenu wa hapa Lubumbashi, nasoma gazeti lenu zaidi kwenye telefone kuliko kwenye karatasi, kama watu wengi wa hapa siku hizi, na leo naandika juu ya ule ukurasa wenu wa habari za sasa hivi, ule munaoweka bei ya dola, matangazo ya delestaje (umeme kukatwa kwa zamu), maji, barabara ya Kasumbalesa, ya kwenda mpakani na Zambia, ikifungwa ao ikifunguliwa. Ukurasa ni mzuri na watu wanauhitaji kweli, ila namna ulivyotengenezwa inatuumiza, na dawa yake iko tangu miaka mingi, inaitwa websoketi, ni laini inayobaki wazi kati ya brauza (programu ya kufungulia tovuti) na seva (kompyuta inayotuma kurasa zenu), haiombi leseni, karibu kila brauza ya leo inaijua. Kazi yangu mimi ni kutengeneza tovuti, njo maana nimeona siwezi kunyamaza.

Kinachotokea ni hiki. Unafungua ukurasa, unaanza kusoma, uko katikati ya habari ya nne, mara vyote vinakuwa vyeupe, ukurasa unajipakia upya na unakurudisha juu kabisa, utafute tena pale ulipofika. Kila nusu dakika ni hivyo. Niliufungua kwenye kompyuta nikabonyeza F12, pale brauza inaonyesha kila kitu kinachoingia na kutoka, nikaona maandishi yaleyale, picha zilezile, rangi zilezile zinaitwa tena na tena, juu seva yenu haiambii brauza izihifadhi, na ndani ya mzigo wote ule hakuna mstari hata mmoja mpya. Tuseme ukurasa una kilobaiti 300, na kwa tovuti ya habari hiyo ni ndogo. Mara 120 kwa saa, tayari ni megabaiti 36. Mama anayeuza unga pale soko ya komini Kenya, anayeacha ukurasa wazi juu anangojea bei ya dola apange bei yake, forfe yake ya siku, yaani mtandao alionunua, inaisha kabla ya saa sita na bei yenyewe haijatikisika.

Najua fundi wenu atajibu nini: basi tusipakie ukurasa wote, brauza iulize tu chini chini "kuna kipya?" kila sekunde mbili. Tovuti nyingi za hapa kwetu zinafanya hivyo na wenyewe wanaona wamemaliza kazi. Lakini hiyo ni kumtuma mtoto kwenye bomba kila dakika aangalie kama maji imefika, anaenda anarudi "bado", anaenda anarudi "bado", na kila safari inamchosha yeye na mwenye bomba pia. Katika HTTP, lugha ambayo brauza na seva zinaongea, kila swali linabeba vichwa vyake, yaani maelezo ya mbele: kuki (alama ndogo ambayo tovuti inaweka kwenye brauza ili ikutambue), jina la brauza, lugha, aina ya faili, baiti mia kadhaa kwenda na mia kadhaa kurudi, hata kama jibu lenyewe ni "hapana". Ukiuliza kila sekunde mbili ni maswali 1,800 kwa saa, kwa kilobaiti moja kwenda na kurudi unakaribia megabaiti 2 kila saa za kuambiwa hapana tu, na wasomaji wakifika elfu moja kwa wakati mmoja seva yenu inapigwa maswali 500 kila sekunde. Halafu siku kuna habari kubwa, siku ile kila mtu anafungua ukurasa, seva inaanguka, na watu wanasema gazeti limezimwa.

Shida iko kwenye msingi. HTTP ilitengenezwa kwa kuleta hati: brauza inaomba, seva inajibu, mazungumzo yamekwisha. Seva haina njia ya kuanza kuongea yenyewe. Kwa hiyo watu walihangaika miaka kutafuta ujanja, mmoja ni kwamba brauza inauliza na seva inalishikilia lile swali bila kujibu mpaka kitu kipya kitokee, ujanja wa namna hiyo Alex Russell aliupa jina la Comet mwaka 2006. Ulifanya kazi lakini ni kulazimisha. Mwaka 2008 Ian Hickson, yule aliyekuwa anaandika kanuni za HTML5, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, pamoja na Michael Carter na wengine wakaanza kuongea juu ya laini ya kweli kati ya brauza na seva, njo ikaitwa WebSocket. Chrome ikaiwasha mwisho wa mwaka 2009, na Desemba 2011 IETF, ile jumuiya inayopanga kanuni za intaneti, ikatoa kanuni rasmi, RFC 6455. Kwa hiyo nikisema websoketi sisemi kitu cha majaribio, hata telefone nyingi za bei ndogo zinazouzwa barabarani leo ziko nayo ndani ya brauza zake.

Namna inavyoenda ni rahisi kueleza. Brauza inatuma ombi moja la HTTP la kawaida, ila ndani yake inasema nataka tubadilishe lugha, na inaweka ufunguo wa bahati nasibu. Seva inachukua ule ufunguo, inaunganisha na maneno fulani yaliyopangwa kwenye kanuni, inapiga hesabu, inarudisha jibu lenye namba 101, maana yake nimekubali. Ile hesabu ni ya kuhakikisha kwamba aliyejibu anaielewa websoketi kweli, siyo mashine ya katikati inayorudisha jibu la zamani. Kuanzia hapo laini inabaki wazi, anwani yake inaanza na wss ikiwa imefungwa kwa siri, inapita mlango uleule 443 wa tovuti za kawaida, na pande zote mbili zinaweza kuongea wakati zinapotaka. Bei ya dola ikibadilika seva inatuma ile bei tu. Ujumbe mfupi usiozidi baiti 125 ukitoka kwenye seva unaongezewa baiti 2 za kichwa, mbili tu, ukitoka kwenye brauza unaongezewa 6 juu brauza inalazimishwa kuchanganya maandishi yake kwa ufunguo wa baiti 4. Hata ukihesabu mizigo ya chini, TCP (inayosafirisha data) na TLS (inayoifunga kwa siri), laini iliyokaa kimya saa nzima na kutikiswa kidogo kila nusu dakika inakula makumi machache ya kilobaiti. Weka hiyo karibu na zile megabaiti 36.

Mpaka hapo fundi yeyote angewaambia. Kilichonifanya nichukue muda wa kuandika barua ndefu hivi ni kinachofuata, juu nimeona websoketi zinawekwa hapa mjini na zinawekwa nusu, na nusu hiyo inawadanganya watu vibaya kuliko ule ukurasa wa zamani.

Laini inakatika. Kwingine inakatika mara moja moja, hapa kwetu inakatika kila wakati, delestaje inapiga, antena ya mtaa inazimika, mtu anatoka kwenye wifi ya ofisi anaingia kwenye mega zake za kununua, yuko ndani ya basi ya Katuba mtandao unapotea mpaka mbele. Na websoketi yenyewe, ile iliyoandikwa kwenye kanuni, haishughuliki na hilo: ikikatika imekatika, hairudi yenyewe, na kila kilichotumwa wakati ule kimepotea, hakuna mahali kilipowekwa. Wengi wanadhani kwa sababu laini iko wazi basi ujumbe umefika. Sivyo. Seva ikituma inajua imetuma, haijui kama mama wa unga ameona.

Kuna kukatika kwingine kubaya zaidi, kule kusikoonekana. Ruta ya ofisi iko kwenye betri, wifi kwenye telefone inaonyesha mistari yote, lakini antena ya juu imekufa. Hakuna aliyeaga. Seva haijapata neno, brauza haijapata neno, TCP inaweza kukaa dakika nyingi ikiamini mwenzake bado yuko, na ukurasa unaendelea kuonyesha kile kidoti cha kijani kilichoandikwa "live". Nilisimama siku moja karibu na kambisti mmoja, kijana mzuri tu na mwenye adabu, telefone mkononi, papa mmoja amekuja kubadilisha dola zake.

"Mbona bei yako iko chini hivi mwanangu?"

"Papa, angalia mwenyewe, njo bei ya sasa, ni live."

"Live gani, hiyo ni ya asubuhi, kule nilikotoka wameshapandisha."

Kijana akafunga ukurasa akaufungua upya, bei ikaruka. Hakuwa mwizi, aliamini kidoti. Na papa yule aliokoka juu alikuwa ametoka kuuliza mahali pengine, asiyeuliza je?

Kwa hiyo ninayoomba, ndugu Mhariri, mukiweka websoketi muweke yote. Kwanza seva itume kitu kidogo kila sekunde 25 ao 30 hata kama hakuna habari. Kanuni iko na ping na pong zake (swali "uko?" na jibu "niko") kwa kazi hiyo, lakini kuna kitu vijana wengi hawakijui: programu ya JavaScript ndani ya ukurasa haizioni, brauza inazijibu yenyewe kimya, kwa hiyo ukitaka ukurasa ujue kama laini bado iko hai lazima seva itume ujumbe wa kawaida, hata neno moja, na ukurasa uhesabu. Ikipita dakika moja bila kusikia kitu ukurasa uamue wenyewe kwamba laini imekufa, uifunge, uanze kuunganisha upya. Na kile kidoti kibadilike rangi hapohapo, lakini hata rangi haitoshi, andikeni saa chini ya kila bei: "habari ya mwisho imefika saa 2:10 asubuhi". Msomaji akiona saa atapima mwenyewe. Mimi ningeondoa kidoti kabisa nikabakiza saa.

Hiyo ya kutuma kitu kila sekunde 25 inatibu ugonjwa mwingine pia, ambao umewafanya mafundi wengi hapa waseme "websoketi haiwezekani na mtandao wa Kongo". Wanaijaribu, inafunguka, baada ya dakika moja inafunga, wanalaumu kampuni ya mtandao. Mara nyingi kampuni haina kosa. Mbele ya seva yao wameweka nginx, programu inayopokea maombi na kuyapeleka kwa seva ya nyuma, na nginx bila kuambiwa kitu inafunga laini ya katikati kama seva ya nyuma imekaa sekunde 60 bila kutuma neno. Kuna mstari wa kuongeza ule muda, unaitwa proxy_read_timeout, na kuna mistari ya kupitisha vichwa viwili vya lile ombi la kubadilisha lugha, Upgrade na Connection, juu bila hiyo mashine ya katikati inavikata na ile 101 haitokei kamwe. Nimeona mradi mzima wa ofisi moja ukirudishwa kwenye kuuliza kila sekunde mbili kwa sababu ya mistari mitatu ya nginx ambayo hakuna aliyeiangalia, na inasikitisha, juu vijana waliufanya kwa moyo.

Halafu namba. Kila habari ipewe namba yake kwa mfuatano, na ukurasa ukumbuke namba ya mwisho iliyoona. Laini ikirudi, neno la kwanza ukurasa unaloambia seva ni "mimi nilifika 418", na seva inatuma 419, 420, 421, zile zilizopita wakati umeme haukuwepo. Hapo ndipo seva inahitaji kuwa imezihifadhi mahali, siyo kichwani tu. Kwa tangazo lisilotakiwa kupotea, kwa mfano maji ya mtaa fulani yasinywewe mpaka yachemshwe, ukurasa urudishe jibu "nimepata 421" na seva isilihesabu limefika mpaka isikie hivyo. Hii siyo kazi ya wiki, ni jedwali moja na mistari michache ya kodi, lakini bila hiyo notifikesheni ni bahati.

Na kurudi kwenyewe kuwe na utaratibu. Antena ya Kampemba ikirudi, kurasa mia zote zinakimbilia seva kwa sekunde moja, seva inazidiwa, zinakatwa, zinakimbia tena pamoja. Kila ukurasa ungoje sekunde 1, ikishindikana 2, 4, 8, mpaka kama 30 ao 60, na juu ya hapo kila mmoja aongeze muda kidogo wa bahati nasibu ili wasigongane mlangoni.

Niseme pia ukweli ambao wenzangu hawapendi: kwa gazeti, ambapo habari zinatoka kwenu kuja kwetu tu na sisi hatujibu kitu, mungeweza hata kutumia kile kinachoitwa EventSource, ni HTTP ya kawaida ambayo seva inaiacha wazi na kuendelea kuandika. Yenyewe inajiunganisha upya ikikatika na inakumbuka namba ya mwisho bila wewe kuiandika. Mipaka yake iko, kwa HTTP ya zamani ya 1.1 brauza inaruhusu laini kama sita tu kwa tovuti moja, ukifungua ukurasa mara saba, wa saba unakwama. Lakini kama munataka siku moja wasomaji waandike pale pale, "umeme umerudi Ruashi", "barabara imefungwa hapa", basi websoketi ndiyo inayofaa, juu inabeba pande zote mbili. Mimi ningependa sana muende huko, watu wa mtaa wanajua mambo yao kabla ya ofisi.

Kuna swali ambalo mtu wa kawaida ataliuliza, nikifunga ukurasa na kuweka telefone mfukoni nitapata notifikesheni? Kwa websoketi, hapana. Laini inaishi pamoja na ukurasa, na telefone ikizima skrini inaulaza ule ukurasa ili kulinda betri. Kwa hapo kuna kitu kingine, Push ya brauza, kanuni yake kubwa ni RFC 8030 ya Desemba 2016: msomaji anakubali, brauza inaweka programu ndogo inayobaki nyuma, na ujumbe unapitia kwa mwenye brauza, Google kwa Chrome, Mozilla kwa Firefox, Apple kwa Safari, ukiwa umefungwa kwa siri hata yeye wa katikati asiusome. Kwenye iPhone ilifika tu mwaka 2023 na Safari 16.4, na lazima kwanza uweke tovuti kwenye skrini ya mwanzo kama programu. Kuna mambo mawili ndani yake ninayapenda kwa ajili yetu. Unaweza kuuwekea ujumbe muda wa kuishi, tangazo la delestaje ya saa nane, telefone ya msomaji ikiwa imezimwa mpaka saa kumi na mbili, lisimfikie tena kumchanganya, life tu njiani. Na unaweza kuupa ujumbe mada, ili bei mpya ya dola ichukue nafasi ya ile ya zamani ambayo bado haijafika, mtu akiwasha telefone asikute bei kumi na mbili zimepangana, akute moja, ya mwisho.

Ila tafadhali musiombe ruhusa ya push sekunde ile mtu anafungua ukurasa mara ya kwanza. Hajawajua bado, atabonyeza kataa, na akikataa mara moja tovuti haiwezi kumuuliza tena mpaka aingie mwenyewe kwenye mipangilio ya brauza, na ni wangapi wanaojua kufika huko. Wekeni kitufe kilichoandikwa wazi, kwa Kiswahili chetu, "Nijulishe bei ya dola", "Nijulishe maji ya komini yangu", achague mwenyewe anachotaka. Mtu aliyechagua maji musimtumie habari za mpira.

La usalama nitasema kwa ufupi, fundi wenu atalielewa: websoketi haizuiwi na ule ukuta wa brauza unaotenganisha tovuti na tovuti, kwa hiyo tovuti ya mtu mbaya inaweza kufungua laini kwenu kwa kuki za msomaji wenu. Seva iangalie kichwa cha Origin, kinachosema ombi limetoka tovuti gani, na ikatae kila asiyetoka kwenu. Na iwe wss daima, isiwe ws tupu, ile isiyofungwa kwa siri.

Fundi wenu akisema amemaliza, ndugu Mhariri, usiangalie kidoti, mpe jaribio hili mbele yako. Afungue ukurasa kwenye telefone ya mega za kawaida, siyo ile ya ofisi yenye wifi. Aizime data dakika tano. Wakati ule mwenzake atume habari tatu kutoka ofisini. Aiwashe. Zikiingia zote tatu kwa mpangilio wake, hakuna iliyorudiwa, ukurasa haujaruka juu, na saa iliyoandikwa chini ya bei ilikuwa imesimama muda wote ule badala ya kudanganya, basi muufungulie watu. Ikipungua hata moja, arudi kazini, na mimi niko tayari kukaa naye jioni yoyote bila malipo, anwani yangu munayo.

Wenu katika kusoma,
Fundi wa tovuti, komini ya Kampemba, Lubumbashi